Kupanda Udzungwa kuona maporomoko ya maji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, hasa maporomoko ya Sanje. Mengi yatakufaa pia kwenye maporomoko mengine ya milimani. Ukisoma sehemu moja tu, soma ile ya maji na mawe, kwa sababu ajali nyingi za maporomoko hutokea mtu akiwa tayari amefika.

## Kabla ya kuondoka nyumbani

Udzungwa iko wapi, na kwa nini hakuna safari za gari?

Hifadhi iko kati ya mikoa ya Morogoro na Iringa, na makao yake makuu yapo Mang'ula, kwenye barabara ya Mikumi kwenda Ifakara. Ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia hapa.

Ndani ya msitu hakuna barabara za kutalii kwa gari. Unaona kile ambacho miguu yako inaweza kufikia. Mlima unaanzia karibu mita 250 juu ya usawa wa bahari, pale bondeni penye mashamba ya miwa, na unapanda hadi zaidi ya mita 2,500 kwenye kilele cha Luhombero. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zikigonga ukuta huo wa mashariki hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Ndiyo maana mito yake haikauki hata miezi ambayo nyasi za Mikumi zimekuwa kahawia.

Sanje ni maporomoko marefu kuliko yote Tanzania?

Hapana, ingawa utalisikia hilo mara nyingi. Sanje hushuka kama mita 170 kwa hatua tatu. Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, yana zaidi ya mita 200, tena kwa mruko mmoja.

Uzuri wa Sanje ni kwamba yamezungukwa na msitu mnene, na unaweza kufika juu na chini kwa siku moja. Ukiwa juu, bonde zima la Kilombero linatandazika mbele yako.

Mwezi gani ni mzuri?

Juni hadi Oktoba ndiyo miezi rahisi: njia kavu, mito inavukika, mawe hayatelezi sana. Oktoba maji hupungua, lakini Sanje haikauki.

Anayetaka kuona maji kwa wingi aje Juni au mwanzoni mwa Julai. Masika yamekwisha, ila mlima bado unatiririsha maji yake, na njia imeanza kukauka. Huo ndio wakati tunaoupendekeza kuliko wote. Machi hadi Mei maporomoko yananguruma kweli, lakini udongo mwekundu unateleza kama sabuni, ukungu unaweza kuyafunika kabisa, na mwongozaji ana haki ya kukurudisha njiani. Vuli ya Novemba na Desemba hutegemea mwaka: kuna siku tatu za jua kisha mvua ya saa mbili inayojaza kila kijito.

Nafikaje kwa usafiri wa umma?

Kutoka Dar es Salaam panda basi la Ifakara pale Mbezi. Litapita Morogoro, litakata kona Mikumi, kisha Kidatu, Sanje na Mang'ula. Kipande cha Kidatu hadi Ifakara sasa ni lami. Unaweza pia kwenda na treni ya SGR hadi Morogoro, ukachukua daladala au bajaji hadi stendi ya Msamvu na kupata gari la Ifakara hapo. Treni ya abiria ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo husimama Mang'ula, lakini ratiba yake huteleza. Usiipande ikiwa umepanga kupanda mlima asubuhi inayofuata.

Kosa la wengi ni kushuka Sanje kwa sababu jina ni lile lile. Njia inaanzia Sanje kweli, ila malipo na mwongozaji vinapatikana makao makuu Mang'ula, kama kilomita 10 mbele. Shuka Mang'ula, kamilisha mambo yako, kisha rudi Sanje kwa bodaboda au bajaji. Patana na dereva mapema akufuate jioni, na mpe saa mbili za ziada juu ya ile unayodhani utateremka.

Nalipa nini, na wapi?

Kuna ada ya kuingia na ada ya mwongozaji, na zote ni tofauti kwa raia wa Afrika Mashariki, wageni wakazi na wageni wasio wakazi. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, la sivyo unaweza kutozwa kiwango cha juu. Malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia benki au simu, au kwa kadi. Hakikisha simu yako ina salio la kutosha kabla ya kufika getini. Viwango hubadilika, hivyo uliza ofisi za hifadhi wiki unayosafiri.

Lazima niwe na mwongozaji?

Kwa Sanje, ndiyo. Msituni kuna tembo na nyati, na kwenye njia ndefu utaongozana pia na askari mwenye silaha. Mbali na usalama, njia za wanyama hukatiza njia ya watu kila mara, na zile za tembo ni pana kuliko yako. Mgeni akiwa peke yake hufuata iliyo pana.

## Kuchagua njia

Sijazoea kupanda milima. Nianze na ipi?

Anza na Prince Bernhard, mwendo wa chini ya saa moja kwenda na kurudi, karibu na makao makuu. Maporomoko haya madogo yamepewa jina la Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi, rais wa kwanza wa WWF, shirika la kimataifa la kulinda mazingira. Ni mahali pa kupima viatu na magoti yako. Ukihema sana hapo, Sanje ipangie siku nzima.

Njia ya Sonjo huchukua kiasi cha saa mbili na inapita kwenye maporomoko mawili. Inawafaa wenye watoto wa miaka sita hivi kwenda juu.

Sanje huchukua muda gani hasa?

Utaambiwa saa nne. Hizo ni za mtu mwenye pumzi asiyekaa majini. Mtu wa kawaida anayesimama kupiga picha, kula na kuoga apange saa sita.

Anza kupanda saa 2 asubuhi isipite. Kuna sababu tatu. Joto la chini ya mlima, penye unyevu mwingi, humchosha mtu kuliko mwinuko wenyewe. Pili, ukuta huu unatazama mashariki, kwa hiyo jua hupiga maporomoko asubuhi, na alasiri yote yako kivulini. Tatu, ndani ya msitu giza huingia mapema kuliko barabarani. Kufikia saa 11:30 jioni mizizi haionekani vizuri. Wekeni saa ya kugeuza: ikifika saa 8 mchana, popote mlipo, mnaanza kushuka.

Tuanze juu au chini ya maporomoko?

Kama mna chaguo, juu kwanza. Mtapanda mkiwa na nguvu na kabla ya jua kali, mtapumzika kwenye madimbwi ya juu, kisha mtashuka hadi chini ambako mvuke wa maji utawapoza. Mkianza chini, mtaoga, mtajaa uvivu, na mwinuko mkali bado utawasubiri na nguo zimelowa.

Naweza kulala msituni?

Ndiyo, kwa kupanga na hifadhi mapema. Wanaotaka mlima wenyewe hupanda kilele cha Mwanihana, mita 2,150, njia ya kilomita 38 kwa siku mbili hadi tatu. Kwa maporomoko peke yake, nyumba za wageni za Mang'ula zinatosha. Uliza kama kuna chandarua kisicho na matundu. Bonde la Kilombero lina malaria, na mbu wa huko hawajali kwamba umechoka.

## Mwilini na begini

Nivae viatu gani?

Raba zenye meno, zilizokwisha kuvaliwa angalau wiki mbili. Angalia soli: kama meno yamelika hadi unaona uwazi laini katikati ya kisigino, ziache nyumbani. Kamba ifungwe hadi juu kwa ajili ya kushuka, vidole visigonge mbele. Ukikata kucha za miguu siku mbili kabla, utashukuru.

Kobazi na yeboyebo haziwezi. Kobazi hutoka mguuni penye tope, na yeboyebo ikilowa mguu huteleza ndani ya kiatu hata kama soli imeshika. Zinafaa tu kuvaa dimbwini, ili usikanyage jiwe kali.

Nibebe nini?

Maji lita 2 kwa kila mtu, na lita 3 kwa anayetoka jasho sana. Pakiti moja ya chumvi za kuongeza maji mwilini (zile za ORS) kwa kila watu wawili. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga. Wali wenye nazi uliopikwa usiku huchacha kabla ya saa sita mchana kwenye joto lile, kwa hiyo uacheni. Fulana kavu ya kubadilisha. Koti jepesi la mvua hata Agosti. Tochi, hata kama mnapanga kurudi mchana. Filimbi. Bandeji pana ya kufunga kifundo cha mguu.

Suruali ndefu na soksi ndefu ni bora kuliko kaptura, kwa sababu zinazoelezwa kwenye swali la siafu na upupu.

Simu iwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Wanaotoka nje ya nchi wakumbuke kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo usifunge mzigo wako kwa mifuko ya dukani.

Maji ya mtoni yananyweka?

Yanaonekana safi, lakini nyani, mbega na tembo wako juu yako wanayatumia. Yachemshe, au tumia vidonge vya kutibu maji kwa kipimo cha pakiti na usubiri nusu saa. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa, maana dawa haifanyi kazi vizuri kwenye tope.

## Maji na mawe

Naweza kuogelea?

Kwenye madimbwi ambayo mwongozaji amekuonyesha, ndiyo. Kanuni ni kuingia polepole, mguu kwa mguu, ukipima kina. Maji ya mlimani ni baridi, na mtu aliyetoka jasho akijitupa ghafla huvuta pumzi bila kutaka. Akiwa chini ya maji wakati huo, anavuta maji.

Usijirushe kutoka juu ya jiwe, hata kama umeona mtu akifanya hivyo jana. Mafuriko ya usiku mmoja huleta gogo na kulilaza chini ya dimbwi, na kutoka juu halionekani. Pia maji meupe yenye povu chini ya maporomoko yamejaa hewa, kwa hiyo hayakuinui kama maji ya kawaida. Hata mwogeleaji mzuri huzama zaidi ya alivyotarajia.

Asiyejua kuogelea abaki penye maji ya magotini, na asiingie kamwe kwenye dimbwi lililo juu ya ukingo. Dimbwi la juu ya Sanje linaonekana tulivu, lakini maji yanatoka upande wa pili kuelekea hewani.

Kusimama moja kwa moja chini ya maji yanayoanguka kuna ubaya gani?

Maji hayaanguki peke yake. Huja na vijiwe, matawi na mara moja moja gogo. Jiwe la ukubwa wa ngumi likishuka mita 70 hufika chini likiwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na kelele ya maji haikuruhusu kulisikia. Kaa pembeni, pale mvuke unapokufikia. Utalowa vya kutosha.

Nitajuaje jiwe lipi linateleza?

Tazama rangi. Jiwe la kijivu lililokauka hushika kiatu. Jiwe jeusi linalong'aa lina utando wa mwani na ni hatari hata kama halionekani kulowa. La kijani ni wazi kwa kila mtu. Hatari zaidi ni ule mpaka ambapo jiwe kavu linaishia na lililolowa linaanza, kwa sababu mguu wa kwanza ulishika na mwili umeshaamini. Penye mpaka huo kaa chini na usogee kwa makalio. Hakuna aibu.

Kutoka ukingo wa juu, acheni hatua tano kamili. Picha za kujipiga mwenyewe huku umegeuzia maporomoko mgongo zisipigwe hapo. Mpe simu mwenzako aliyesimama mbali.

Maji yakianza kupanda ghafla nifanye nini?

Mvua inaweza kunyesha huko juu uwandani wakati kwenu kuna jua. Dalili huja kwa mpangilio huu: majani makavu na vijiti vingi vinaanza kuelea, maji safi yanageuka rangi ya chai, sauti ya mto inakuwa nzito, kisha kina kinaongezeka. Ukiona ya kwanza, toka majini. Ukisubiri ya tatu, umechelewa.

Panda pembeni, juu ya alama ya takataka za mafuriko yaliyopita zilizonasa kwenye miti. Usikimbie kufuata mto kuelekea chini. Kama mpo ng'ambo, kaeni huko huko. Vijito vya milimani hupanda haraka na hushuka haraka pia, mara nyingi ndani ya saa chache. Hapo ndipo tochi na fulana kavu zinapoonyesha kazi yake.

Kuvuka kijito chenye mkondo?

Maji yakifika juu ya goti na yanakwenda kasi, msivuke. Chini ya hapo, fungua mkanda wa kiunoni wa begi ili uweze kulivua ukianguka, shika fimbo, tazama upande maji yanakotoka, na usogeze mguu mmoja baada ya mwingine bila kuinyanyua juu. Kabla ya kuanza, tazama upande maji yanakoelekea. Kama hatua chache mbele kuna mruko, tafuteni pengine hata kama pale panaonekana rahisi.

Kuna kichocho?

Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji ya vuguvugu yaliyotulia yenye mimea, kwa hiyo hatari kubwa iko bondeni, kwenye mifereji na madimbwi ya mashambani, siyo kwenye maji baridi yanayokwenda kasi juu mlimani. Oga juu. Usiingie mfereji wa miwa kuosha miguu wakati wa kurudi.

## Wadudu, mimea, wanyama

Siafu na upupu vinaepukwaje?

Siafu: ingiza suruali ndani ya soksi. Mwongozaji akisema "siafu", usisimame kuwatazama, ruka na uendelee hatua ishirini ndipo ujikague. Wakishapanda, wang'oe mmoja mmoja, maana kupangusa hakusaidii.

Upupu ni mmea unaotambaa kwenye kingo za msitu, na maganda yake yenye manyoya ya dhahabu huwasha vibaya msimu wa kiangazi. Usishike mmea usioujua ili kujizuia kuanguka. Ukiguswa, usijikune, kwani unasukuma manyoya ndani. Wenyeji hupaka tope au majivu, huyaacha yakauke kisha huyabandua. Badilisha nguo hiyo na uifunge kando.

Nyoka akimuuma mtu?

Mtulize, mlaze, funga kiungo kwa kijiti kisicheze, vua pete na saa, na abebwe. Usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Mpelekeni hospitali, iliyo kubwa iko Ifakara. Msipoteze muda kumwinda nyoka.

Nitaona wanyama gani?

Nyani na mbega zaidi ya wote. Mbega mwekundu wa Udzungwa haishi kwingine duniani. Kuna pia nyani wa Sanje, ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 1979 tu, Katherine Homewood na Alan Rodgers walipokuwa wakitafiti huku. Wenyeji walikuwa wakimwita ng'olaga tangu zamani. Tembea kimya nusu saa ya kwanza asubuhi. Wengi wako karibu na ukingo wa msitu wakati huo. Chakula kibaki ndani ya begi lililofungwa.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Mwenzetu ametegua kifundo cha mguu. Tufanye nini?

Msivue kiatu mara moja kama bado mna safari ndefu, kwa sababu uvimbe utazuia kukivaa tena. Funga bandeji juu ya kiatu kwa umbo la nane, mpeni fimbo mbili, na begi lake ligawanywe. Mwongozaji awasiliane na kituo mapema, kabla giza halijaingia. Wengi huumia wakati wa kushuka, mapaja yakishachoka, hivyo tembeeni hatua fupi na mkunje magoti kidogo. Penye mwinuko mkali shukeni kiubavu.

Naweza kurusha droni?

Siyo bila vibali vya mamlaka ya anga na vya hifadhi, na huvipati getini asubuhi ile. Picha nzuri za maji hutoka kwenye simu iliyotulizwa juu ya jiwe au begi, muda wa kupokea mwanga ukiwa kati ya robo sekunde na sekunde moja. Futa lenzi kila picha, mvuke unarudi.

Nimesikia Udzungwa kuna maporomoko ya Kihansi. Naweza kuyaweka kwenye ratiba?

Kihansi yako nje ya njia hizi za hifadhi, kwenye korongo lenye mradi wa umeme wa maji, kwa hiyo siyo mahali pa kwenda bila ruhusa. Ila yafaa uijue habari yake. Mwaka 1996 aligunduliwa pale chura mdogo wa dhahabu anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, akiishi tu kwenye nyasi zilizoloweshwa na mvuke wa maporomoko. Bwawa lilipoelekeza maji mengi kwenye mitambo, mvuke ulipungua. Ugonjwa wa fangasi unaoua vyura nao ukafika. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walizalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani, na kuanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Fangasi wa aina hiyo husafiri kwenye tope. Kabla ya kutoka korongo moja kwenda jingine, iwe Uluguru, Materuni au Sanje, sugua soli za viatu kwa brashi na maji safi mbali na mto, toa tope lote kwenye meno, na uviache vikauke kabisa juani kabla ya kuvivaa tena. Fimbo nazo zisuguliwe.